Kizuri Chajiuza: Kwa Nini Nchi Zenye Mafuta Hugharimia Michezo Mikubwa

Mada kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani, Kinondoni, Dar es Salaam





Huenda wapo miongoni mwetu wanaojiuliza mpira wa miguu umeingiaje katika mafundisho ya Haki na Amani. Swali hilo ni la halali, nasi tunaanza kwa kulijibu. Kwanza, hapa Kinondoni, kuanzia Tandale na Mwananyamala hadi Kawe na Tegeta, vijana wetu hujaa katika vibanda umiza kutazama timu za Ulaya ambazo vifuani zimeandikwa majina ya mashirika ya ndege ya nchi za Ghuba. Pili, baadhi ya vijana hao hao hutafuta pasipoti na wakala wa ajira ili waende Doha, Dubai au Riyadh kuwa walinzi, madereva na watumishi wa nyumbani. Tatu, tarehe 27 Septemba 2023 nchi yetu, pamoja na Kenya na Uganda, ilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, wakati nchi hizi zinajiandaa pia kuvuna mafuta na gesi kwa kiasi ambacho hazijapata kuvuna. Basi jambo hili latuhusu kama watazamaji, kama wazazi wa wafanyakazi, na kama raia.

Tutafuata njia tuliyoizoea katika Jumuiya zetu: kuona, kuamua na kutenda.

SEHEMU YA KWANZA: KUONA

1. Mambo yalivyo

Tarehe 2 Desemba 2010, mjini Zurich, Shirikisho la Mpira wa Miguu Duniani (FIFA) liliipa Qatar uenyeji wa Kombe la Dunia la mwaka 2022. Qatar ni nchi ambayo eneo lake ni dogo kuliko Mkoa wetu wa Kilimanjaro. Wakazi wake ni takribani milioni tatu, lakini katika kila watu kumi, raia wa nchi ni kama mmoja tu. Waliobaki ni wageni waliokwenda kufanya kazi. Utajiri wake mkubwa ni gesi asilia iliyo chini ya bahari, ambayo husindikwa kuwa kimiminika na kusafirishwa kwa meli hadi Asia na Ulaya.

Nchi hiyo ilijenga viwanja saba vipya na kukarabati kimoja, ikajenga reli ya mjini, barabara, hoteli, na mji mzima wa Lusail. Gharama zote kwa pamoja zimekadiriwa kufikia dola za Marekani bilioni 200 au zaidi. Ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo haikwenda viwanjani, bali katika miundombinu ambayo ingali inatumika. Hata hivyo, kiasi hicho ni zaidi ya mara mbili ya pato zima la Tanzania kwa mwaka huo wa 2022. Na kwa kuwa jua la kiangazi la Ghuba haliruhusu mpira, kalenda ya mpira wa dunia nzima ilipanguliwa ili mashindano yachezwe Novemba na Desemba.

Qatar haiko peke yake. Bahrain ilianza mashindano ya magari ya Formula 1 mwaka 2004, na Abu Dhabi ikafuata mwaka 2009. Azerbaijan, nchi ya mafuta kando ya Bahari ya Kaspi, iliandaa Michezo ya Ulaya mwaka 2015. Watu wa Abu Dhabi waliinunua Manchester City mwaka 2008. Qatar iliinunua Paris Saint-Germain mwaka 2011. Mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia uliongoza ununuzi wa Newcastle United mwaka 2021. Na tarehe 11 Desemba 2024 Saudi Arabia ilipewa Kombe la Dunia la mwaka 2034, bila mshindani yeyote.

Hawakununua viwanja na timu tu. Walinunua na miguu. Mwaka 2003 Mkenya Stephen Cherono alichukua uraia wa Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na katika mwezi huo huo wa Agosti akawashinda Wakenya wenzake katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye mashindano ya dunia mjini Paris. Mwaka 2016 Ruth Jebet, mzaliwa wa Kenya, aliipatia Bahrain medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Rio de Janeiro.

2. Kwa nini wanatumia fedha nyingi namna hiyo?

Watu wengi hujibu haraka: kwa sababu wanazo. Jibu hilo halitoshi. Mtu mwenye fedha aweza kuziweka akiba, na nchi hizo zina akiba kubwa sana. Lazima pawepo faida nyingine wanayoitafuta. Sisi tunaziona sababu nne.

(a) Fedha ambayo haikutoka mfukoni mwa raia

Serikali inayoishi kwa kodi haina budi kumwendea mlipa kodi na kumweleza. Mama lishe wa Magomeni anayelipa ushuru ana neno la kusema juu ya ushuru wake, hata kama halisikilizwi sikuzote. Lakini serikali inayoishi kwa kisima cha mafuta haichukui kwa raia; inawagawia. Na anayegawa haulizwi na anayepokea. Katika nchi nyingi za Ghuba raia halipi kodi ya mapato, hupata ajira serikalini na huduma nafuu, na kwa upande wake huacha mambo makubwa yaamuliwe na watawala. Hivyo uamuzi wa kutumia mabilioni huweza kufanywa na watu wachache ndani ya chumba kimoja.

Ili tuone kwamba tatizo si mafuta yenyewe, tuitazame Norway. Nayo ina mafuta na gesi kwa wingi. Lakini mapato yake huwekwa katika mfuko unaosimamiwa kwa sheria na Bunge. Jiji la Oslo liliomba kuandaa Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 2022. Wananchi wengi waliona gharama ni kubwa, vyama vikakataa kutoa dhamana ya serikali, na mwezi Oktoba 2014 ombi likaondolewa. Miji iliyobaki katika kinyang'anyiro ilikuwa miwili: Beijing, na Almaty ya Kazakhstan, nchi nyingine ya mafuta. Tunajifunza kwamba pale wananchi wanapoulizwa, sherehe nyingi hupunguzwa au huahirishwa. Pale wasipoulizwa, sherehe hukua.

(b) Jina kama ngao

Tarehe 2 Agosti 1990 majeshi ya Iraki yaliivamia Kuwait, nchi ndogo na tajiri, yakaiteka kwa muda mfupi sana. Kila mtawala wa nchi ndogo ya Ghuba aliliona hilo. Mwenye mali nyingi na jeshi dogo, akizungukwa na majirani wenye nguvu, anahitaji marafiki walio mbali. Nchi isiyojulikana yaweza kumezwa na dunia isishtuke. Nchi ambayo kila nyumba duniani imeitazama kwenye televisheni haimezwi kimya kimya.

Mwezi Juni 2017 Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar, zikaifungia njia za nchi kavu, anga na bandari hadi Januari 2021. Qatar haikuanguka. Ilikuwa na gesi ambayo dunia iliihitaji, ilikuwa na kituo kikubwa cha jeshi la Marekani katika ardhi yake, na ilikuwa na Kombe la Dunia ambalo mataifa yote yalilingojea. Hatusemi mpira peke yake uliiokoa, ila ulikuwa sehemu ya ngao.

(c) Kisima kina mwisho

Mwezi Juni 2014 pipa moja la mafuta liliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 bei ilishuka chini ya dola 30. Miezi michache baadaye, Aprili 2016, Saudi Arabia ilitangaza mpango wake uitwao Dira ya 2030, wenye nia ya kuacha kuyategemea mafuta peke yake. Nchi hizi zajua kwamba aidha kisima kitakauka, au dunia, kwa kuhofia mabadiliko ya tabianchi, itaacha kununua. Hivyo wanatafuta riziki nyingine: utalii, mashirika ya ndege, mikutano, biashara ya fedha. Mtu hapandi ndege kwenda mahali asipopajua. Michezo ni mbiu ya mgambo inayomwita mgeni aje.

Aidha, mashindano yana tarehe isiyosogezwa. Barabara ambayo ingejengwa kwa miaka 30 hujengwa kwa miaka 10, kwa kuwa wageni wanakuja. Na jirani akiandaa, nawe hutaki kuachwa nyuma.

(d) Kulifua jina

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tarehe 2 Oktoba 2018 mwandishi wa habari Jamal Khashoggi aliuawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul. Tarehe 12 Machi 2022 nchi hiyo hiyo iliwatekelezea adhabu ya kifo watu 81 kwa siku moja. Mwisho wa mwaka huo, klabu ya Al-Nassr ya Riyadh ilimsajili Cristiano Ronaldo. Leo kijana wa Tandale akiulizwa habari za Saudi Arabia, lipi atakalolitaja kwanza? Hivyo ndivyo jina linavyofuliwa kwa sabuni ya michezo: habari mbaya haikanushwi, bali hufunikwa na habari tamu.

Lakini tuwe wa kweli: taa huwaka pande zote mbili. Taa iliyowashwa Doha ili dunia ione viwanja, ndiyo iliyoonyesha pia mabweni ya wafanyakazi. Bila Kombe la Dunia, ni waandishi wangapi wangekwenda kuwauliza vibarua wa Nepal juu ya mishahara yao? Tutalirudia jambo hili, maana ndani yake mna tumaini.

3. Ukiona vyaelea, vimeundwa

Viwanja vile havikuota vyenyewe. Vilijengwa na watu kutoka India, Nepal, Bangladesh, Pakistan na Sri Lanka, na kulindwa na kusafishwa na wengi kutoka Afrika, wakiwemo ndugu zetu wa Kenya na Uganda.

Wengi waliingia chini ya mfumo uitwao kafala, yaani udhamini. Kwa mfumo huo, ukaaji wa mgeni nchini umefungwa kwa mwajiri wake. Kabla ya mageuzi, mfanyakazi hakuweza kuhamia kwa mwajiri mwingine, wala kwa muda mrefu hakuweza kuondoka nchini, bila ruhusa yake. Tena wengi hufika wakiwa na deni, kwa kuwa wakala wa nyumbani aliwatoza ada kubwa. Mwenye deni, asiye na pasipoti mkononi, asiyeweza kubadili mwajiri, hana sauti. Ndiyo sababu kazi ngumu katika jua kali ilipatikana kwa bei nafuu.

Mwezi Februari 2021 gazeti la Guardian la Uingereza liliandika kwamba wahamiaji zaidi ya 6,500 kutoka nchi tano za Asia Kusini walifariki Qatar tangu mwaka 2010. Hesabu hiyo ilihusu vifo vya namna zote, si vya viwanjani tu, nasi tusiitumie visivyo. Lakini pia haikuwahesabu Waafrika. Mwezi Novemba 2022 mkuu wa maandalizi, Hassan Al-Thawadi, alikiri katika mahojiano kwamba waliokufa katika kazi zilizohusiana na mashindano walikuwa kati ya 400 na 500. Hapo awali zilitajwa namba ndogo zaidi. Mwezi Desemba 2022, mashindano yakiendelea, mlinzi kijana kutoka Kenya alianguka katika uwanja wa Lusail akafariki. Kwa mama yake, hakuna bao litakaloziba pengo hilo.

Mkenya mwingine, Malcolm Bidali, naye akiwa mlinzi, aliandika habari za maisha ya wenzake mabwenini. Mwezi Mei 2021 alikamatwa, akawekwa kizuizini wiki kadhaa, akatozwa faini, kisha akaondoka nchini.

Na mavuno yalikwenda wapi? FIFA katika miaka minne iliyoishia 2022 ilipata mapato ya dola bilioni 7.5. Watetezi wa haki waliitaka itenge dola milioni 440, sawa na fedha za zawadi kwa timu, ili kuwafidia wafanyakazi na familia zao. Mwaka 2024 FIFA ilitangaza mfuko wa dola milioni 50 kwa miradi ya mashirika ya kimataifa, na si kwa kuwalipa wale waliodhulumiwa moja kwa moja.

4. Mambo haya hayako Uarabuni tu

Ingekuwa rahisi kunyooshea wengine kidole. Bara letu nalo lina mifano.

Angola, nchi ya mafuta, iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2010 na kujenga viwanja vinne vipya. Kimoja kilijengwa Cabinda, jimbo linalotoa sehemu kubwa ya mafuta ya nchi na ambalo lilikuwa na vita vya wanaotaka kujitenga. Kuweka mechi Cabinda kulikuwa namna ya kuiambia dunia kwamba kuna amani. Tarehe 8 Januari 2010 basi la timu ya Togo lilishambuliwa kwa risasi njiani kuingia jimboni humo, watu wakauawa, na Togo ikarudi nyumbani. Uwanja hauleti amani mahali ambapo haki haijatendeka.

Guinea ya Ikweta iliandaa pamoja na Gabon mwaka 2012, na mwaka 2015 ikapokea mashindano peke yake kwa taarifa ya miezi miwili tu, baada ya Morocco kuomba yaahirishwe kwa hofu ya Ebola. Nchi yenye Bunge linalohoji haiwezi kuamua jambo kubwa namna hiyo kwa wepesi huo. Gabon nayo iliandaa mwaka 2017, miezi michache baada ya uchaguzi uliozua ghasia, na wapinzani wakawaita watu wasusie viwanja.

SEHEMU YA PILI: KUAMUA

Ndugu wapendwa, baada ya kuona, tupime kwa mwanga wa imani.

Michezo yenyewe ni njema. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za wanaokimbia uwanjani (1 Kor 9:24-27), akaitumia mbio kuwa mfano wa safari ya imani. Mwili ni zawadi ya Mungu. Kucheza pamoja hujenga undugu. Wala ugeni si dhambi: kumkaribisha mgeni ni fadhila, na methali yetu yasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Swali letu ni hili: mgeni akija, ni mwenyeji gani anayepona?

Maandiko Matakatifu yanawajua vizuri watawala wanaopenda majengo makubwa. Farao aliwajengesha Waisraeli miji ya ghala kwa kuwatumikisha kwa ukali (Kut 1:11-14). Mfalme Solomoni alijenga Hekalu na ikulu kwa shokoa. Mwanawe Rehoboamu alipokataa kuwapunguzia watu mzigo, ufalme ukagawanyika (1 Fal 12). Na nabii Yeremia alimkemea mfalme aliyejenga jumba la fahari bila kuwalipa jirani zake ujira wao, akamkumbusha kwamba baba yake alikula na kunywa kama watu wote, ila aliwatetea maskini, na hilo ndilo kumjua Mungu (Yer 22:13-17). Tuangalie vema: nabii hakulilaumu jengo. Aliulaumu ujira uliozuiliwa.

Mafundisho ya Kanisa yamelishika neno hilo hilo. Papa Leo XIII, mwaka 1891, alifundisha katika Rerum Novarum kwamba mkataba peke yake haufanyi mshahara kuwa wa haki, iwapo mfanyakazi ameukubali kwa kukosa njia nyingine. Papa Yohane Paulo II, mwaka 1981, katika Laborem Exercens, alifundisha kwamba mwanadamu afanyaye kazi yuko juu ya mtaji na juu ya kitu kinachotengenezwa. Na Papa Paulo VI, mwezi Machi 1967, katika Populorum Progressio, alilaani matumizi ya fahari ya taifa au ya mtu binafsi wakati ambapo watu wana njaa na hawana shule. Mwezi mmoja tu kabla yake, nchi yetu ilikuwa imetangaza Azimio la Arusha, lililotukumbusha kwamba msingi wa maendeleo ni watu, na fedha ni matokeo. Sauti mbili, kila moja kutoka mahali pake, zilikutana katika jambo moja.

Kwa hiyo twaweza kuweka vipimo vitatu. Kwanza, hadhi ya binadamu: je, aliyejenga amelipwa kwa haki na kwa wakati, na amerudi kwake akiwa hai? Pili, manufaa ya wote: je, fedha hiyo ni ya nani, na mwenye fedha ameulizwa? Tatu, ukweli: je, sherehe hii yaonyesha uso wa nchi, au yauficha?

Tunapaswa pia kujihadhari na dhambi nyingine, yaani chuki. Hatusemi haya dhidi ya Waarabu wala dhidi ya ndugu zetu Waislamu, ambao tunaishi nao nyumba moja, ua mmoja, hapa Kinondoni. Tukumbuke kwamba huko Doha limo kanisa la Mama Yetu wa Rozari, lililofunguliwa Machi 2008 katika ardhi iliyotolewa na mtawala wa nchi, na humo maelfu ya wahamiaji husali. Tukumbuke pia tamko juu ya udugu wa kibinadamu alilotia saini hayati Papa Fransisko pamoja na Imamu Mkuu wa Al-Azhar mjini Abu Dhabi, tarehe 4 Februari 2019. Undugu wa kweli huambiana ukweli.

Na hapa turudi kwenye tumaini tulilolitaja. Kelele za vyama vya wafanyakazi, waandishi na makanisa hazikupotea bure. Shirika la Kazi Duniani lilifungua ofisi Doha mwaka 2018. Mwaka 2020 sheria ilibadilishwa ili mfanyakazi aweze kuhama bila kibali cha mwajiri wake. Mwaka 2021 kiliwekwa kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi, na saa za marufuku ya kufanya kazi juani zikaongezwa. Utekelezaji haukuwa kamili, na malalamiko hayakwisha. Lakini imethibitika kwamba nchi inayotaka kusifiwa na watu inaweza pia kusikia aibu mbele ya watu.

SEHEMU YA TATU: KUTENDA

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Tanzania ina gesi asilia. Ile ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutuletea umeme mwaka 2004. Ile ya Mnazi Bay, Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982, na bomba la kuileta Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015. Gesi iliyogunduliwa kwa jumla, nyingi ikiwa chini ya bahari kuu, inakadiriwa kuwa zaidi ya futi za ujazo trilioni 57. Mafuta ya Uganda nayo yalianza kujengewa bomba la kilometa 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Umeme unaowasha televisheni katika kibanda umiza cha Sinza hutoka kwa sehemu katika gesi ya Kusini. Tusisahau kwamba mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana wakihoji watapata nini, na wengine walipoteza maisha. Kilio chao kilikuwa swali lile lile: fedha hii ni ya nani, na nani ameulizwa?

Wakati huo huo tumekwisha kuwa wenyeji. Mwezi Agosti 2025 tuliandaa, pamoja na Kenya na Uganda, mashindano ya CHAN, na mechi ya ufunguzi ilichezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke. Tulifurahi, na furaha ile haikuwa kosa. Arusha nako ulianza kujengwa mwaka 2024 uwanja mpya wa watazamaji wapatao 30,000 kwa ajili ya mashindano ya 2027. Hatuna budi kufurahi tukiwa macho wazi. Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo.

Moja. Kamati za Haki na Amani zijifunze sheria zilizopo. Zipo mbili za mwaka 2015: ya usimamizi wa mapato ya mafuta na gesi, na ya uwazi na uwajibikaji katika uchimbaji wa madini, mafuta na gesi. Ipo pia ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo hutolewa kila mwaka kwa Kiswahili na Kiingereza. Mwenye kusoma katika Jumuiya awasomee wengine.

Mbili. Katika mikutano ya mitaa na kwa madiwani na wabunge wetu, tuulize kwa adabu na bila woga: gharama za mashindano ni kiasi gani, zimetoka fungu gani, na uwanja utatunzwa na nani baada ya wageni kuondoka? Raia anayeuliza si mpinzani wa taifa. Ni mwenye mali anayekagua mali yake.

Tatu. Vibarua wanaojenga viwanja na barabara hapa nchini ni ndugu zetu. Tuwaulize kama wana mikataba, kama wanalipwa, kama wana vifaa vya kujikinga. Tusiione dhuluma ya Doha tukashindwa kuiona ya jirani.

Nne. Kijana anayetaka kwenda Ghuba asikatazwe kwa vitisho, bali asindikizwe kwa maarifa. Ahakikishe wakala amesajiliwa, kwa kuuliza katika ofisi ya serikali inayohusika na huduma za ajira. Asome mkataba katika lugha anayoielewa kabla ya kuondoka. Aache nakala ya pasipoti, mkataba na anwani ya mwajiri kwa familia na kwa parokia. Ajue namba ya ubalozi wetu. Asikope kwa ajili ya ada ambayo hakupewa stakabadhi yake. WAWATA na VIWAWA waweza kuchukua jukumu hili katika kila parokia.

Tano. Tuwalee watoto wetu katika michezo yenyewe, kabla ya majengo ya michezo. Mwezi Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha, akishinda mbio za marathoni. Bingwa huyo hakuzaliwa na uwanja wa kifahari. Tuvilinde viwanja vidogo vya shule na vya mitaa visiuzwe wala kuvamiwa, maana humo ndimo watoto wa maskini huchezea.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, nani amekwenda kufanya kazi nchi za Ghuba? Je, familia yake ina habari zake?

2. Kama fedha ya gesi ingeletwa mbele yetu leo, tungeitumia kwa nini kwanza: uwanja, zahanati, shule, au akiba ya wajukuu? Toeni sababu.

3. Someni Yer 22:13-17. Ni jengo gani katika eneo letu ambalo nabii angelisimamia na kuuliza habari za ujira wa waliolijenga?

4. Twawezaje kuwafurahia wageni wa mwaka 2027 bila kuwaficha maskini wetu, wakiwemo machinga na ombaomba?

HITIMISHO

Ndugu wapendwa, nchi zenye mafuta hutumia fedha nyingi katika michezo kwa sababu fedha hiyo haikuombwa kwa raia, kwa sababu jina ni ngao, kwa sababu kisima kina mwisho, na kwa sababu sifa huweza kufunika lawama. Baadhi ya sababu hizo ni za busara, na baadhi ni za dhuluma. Kinachozitenganisha ni kama mwenye mali ameulizwa na kama mwenye jasho amelipwa.

Mashindano ya 2027 yatadumu wiki chache, na makombe yatapewa washindi. Gesi yetu itachomwa mara moja tu, nayo haioti tena. Mungu atujalie kuutumia urithi huo kwa haki, na awapokee katika amani yake wote waliokufa ugenini wakijenga mahali pa furaha ya wengine.

Amani ya Kristo iwe nanyi nyote.